Wananiita Bi Mkubwa Kwa Sababu Ninapenda Taarab

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka sita sasa ninaishi Dar es Salaam ambako nimeajiriwa katika idara ya uhasibu ya kampuni moja. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo pengine wengine wataliona dogo, lakini limeninyima raha kwa miezi kadhaa na sasa linatishia kuniharibia harusi.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Nyumbani kwake kulikuwa na redio kaseti moja na sanduku la bati lililojaa kanda, na kwa kanda hizo ndipo nilipojifunza kusikiliza: Black Star na Lucky Star za kwetu Tanga, sauti ya Bi Shakila Saidi, Juma Bhalo wa Mombasa, na Siti binti Saad, ambaye nyimbo zake zilikuwa zimenakiliwa mara nyingi hata sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Siku za Jumapili bibi alikuwa akinisimulia filamu za Kihindi alizozitazama ujanani mwake, na nilipopata simu yangu ya kwanza nilizitafuta moja baada ya nyingine. Hadi leo filamu za Raj Kapoor ndizo ninazozirudia, na sioni haya kukiri kwamba hunitoa machozi. Hata mavazi yangu yametoka huko huko. Siku zisizo za kazi huvaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, koti, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono na makubadhi, kwa sababu kipimo changu cha mwanamume aliyevaa akapendeza ni wale wapiga udi na fidla wa kwenye picha za zamani, si wacheza mpira wala wanamuziki wa Marekani.

Kwa miaka mingi mapenzi haya yalikuwa yangu peke yangu, hadi siku tulipokwenda Bagamoyo na wenzangu wa kazini kwa gari la kosta. Simu yangu ndiyo iliyokuwa na chaji, ikaunganishwa na spika ya gari, na wimbo wa kwanza uliotoka ulikuwa taarab. Gari zima lilipasuka kwa kicheko. Mmoja akauliza kama tunakwenda kumfunda mwari, mwingine akasema huo ni muziki wa wanawake wanaotafuta pa kusutana, na tangu siku hiyo jina langu ofisini limekuwa Bi Mkubwa. Mwanzoni nilicheka nao. Sasa ninaitwa hivyo hata mbele ya wateja.

Nilipoona hali haibadiliki, nilianza kujificha. Nilijaza simu nyimbo za wasanii wa hip hop nisiowajua, nikakariri majina yao kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha, na wenzangu wanapobishana nani zaidi, mimi huchangia neno moja mawili ili nionekane nimo. Nikiwa kwenye daladala husikiliza taarab kwa spika za masikioni, lakini hufunika kioo cha simu kwa kiganja ili jirani asisome jina la mwimbaji.

Kilichonifikisha kwako ni mchumba wangu. Ana miaka 27, ni msichana mwenye heshima na tunapendana, ila katika mambo ya burudani tuko mbali kama Pemba na Kigoma. Anapenda Zuchu kupita kiasi, huiga mishono yake ya nguo na mitindo yake ya nywele, na akiwa na furaha huweka singeli, ambayo mimi binafsi sioni kama ni muziki, ni kelele za watu wanaokimbizana. Jioni hutazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Niliwahi kumwambia kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kukaa saa mbili akiwalilia Waturuki wasiomjua, akanyamaza, na tangu hapo nikija kwao akaiwasha tamthilia yake mimi hutoka nikakaa barazani.

Harusi yetu ni baada ya miezi minne. Nilipendekeza kwamba ukumbini tuwe na kikundi cha taarab cha wazee, hata kwa saa moja tu, na kwamba mimi nivae kanzu na koti. Alikataa yote mawili. Alisema anataka DJ, anataka nivae suti, na akaongeza maneno haya: “Usinitie aibu mbele ya ndugu zangu.” Maneno hayo yameniuma kuliko kicheko cha kwenye kosta.

Naomba unijibu, Mama. Je, ni kweli kwamba taarab ni ya wanawake na kwamba mwanamume anayeipenda ana kasoro? Je, niyaache haya mambo ya bibi nifanane na vijana wenzangu? Na je, watu wawili wenye ladha zinazopishana kiasi hiki wanaweza kukaa nyumba moja?

Mjukuu wa Tanga, Dar es Salaam


Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa jicho tofauti na la mara ya kwanza, kwa sababu nitakazokueleza baadaye. Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa hilo lina jibu la wazi na waliokucheka ndani ya kosta hawalijui.

Taarab haikuingia Unguja kwa mlango wa jikoni. Iliingia kwa mlango wa jumba la kifalme, mikononi mwa wanaume. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na aliporudi alimpigia Sultani na kuwafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo, na waasisi wake walikuwa wanaume waliokutana kupiga ala, kuimba na kutunza udugu. Wakati huo mtu angesema kwamba taarab ni muziki wa wanawake, angechekwa yeye.

Aliyekuja kuubadilisha mwenendo huo ni huyo huyo Siti uliyemsikia akiimba chini ya maji. Alizaliwa Fumba katika miaka ya 1880, akawa akitembeza vyungu vya kuuza, kisha akahamia mjini na kuufanya uimbaji kuwa kazi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, jambo ambalo hakuna mwanamke wa pwani yetu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Lakini ukitazama waliomzunguka, utawakuta Subeti Ambari, Maalim Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruk Effandi Talsam, wanaume wote, na mpaka alipofariki mwaka 1950 hapakuwa na aliyewaona wanaume hao wamepungukiwa na kitu kwa kupiga ala nyuma ya mwanamke. Kwa upande wa Mombasa na Lamu mambo yako wazi zaidi: Juma Bhalo na Zein l’Abdin walikuwa ndio majina makubwa, na harusi za watu wenye heshima zao zilisubiri tarehe ambazo mabwana hao walikuwa na nafasi.

Basi wenzako waliipata wapi fikra yao? Hawakuibuni, na katika hili lazima niwatendee haki. Unguja kulikuwa na vikundi vya wanawake kama Sahib el-Ari na Nour el-Uyoun vilivyojibizana kwa nyimbo hadi miji ikagawanyika, na ile tabia ya mwanamke kuinuka, kucheza mpaka mbele ya mwimbaji, kumtunza pesa na kumkazia macho hasimu wake aliyeketi meza ya tatu ni ya siku nyingi. Kisha ikaja miaka ya 1990. Vikundi vya TOT na Muungano vikashindana, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya ganuni, mafumbo yakavuliwa nguo yakawa mipasho, na kumbi zikajaa wanawake waliokwenda kurushana roho. Wenzako wa kazini walikuwa watoto wakati huo. Taarab waliyoiona ni ya shangazi zao wakirudi usiku wakiwa wamevaa sare, na hakuna aliyewaonyesha nyingine. Kwa hiyo wanapokuita Bi Mkubwa wanasema kile wanachokijua, na wanachokijua ni sura moja ya mwisho ya kitabu kirefu. Hata hivyo, nisingependa ukimbilie kusema kwamba wewe unapenda taarab ya zamani ya wanaume, si ile ya wanawake, kana kwamba ungepata kasoro kama ungeipenda ya Khadija Kopa. Ukijitetea hivyo utakuwa umekubaliana nao kwamba kupenda kitu cha wanawake ni aibu, ila wewe si mmoja wao.

Sasa nije kwenye kile nilichokiona niliposoma mara ya pili. Umeandika aya nzima kuhusu jinsi ulivyochekwa, na haki ya kuumia unayo. Lakini mistari michache baada ya hapo umemtaja mchumba wako, na kabla hujamaliza sentensi umeshasema kwamba anachokisikiliza si muziki, ni kelele. Kisha ukaniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba uliwahi kutilia shaka akili yake kwa sababu ya tamthilia, akanyamaza. Mwanangu, huyo anayelia akimtazama Raj Kapoor, Mhindi asiyemjua na aliyefariki mwaka 1988, kabla hata wewe hujazaliwa, anapata wapi ulimi wa kumcheka anayewalilia Waturuki? Filamu unazozipenda zina mama anayeteseka, mapenzi yanayozuiliwa na ukoo, mtoto aliyepotea akarudi, na wimbo mahali ambapo maneno yameshindwa. Keti siku moja utazame tamthilia ya mwenzako kwa nusu saa uone kama utakutana na mgeni yeyote humo, ukiacha kwamba Waturuki hawaimbi.

Na hizo kelele nazo tuzizungumze. Mimi mwenyewe singeli hunitoa jasho nikiwa nimekaa kitini, siwezi kukudanganya. Lakini ni muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, Tandale, Manzese na Mburahati, ukiwa mtoto wa mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia, na wa vile vipande vya taarab ambavyo vijana walivichukua katika sherehe za vigodoro wakaviendesha kwa kasi mara mbili. Ukipunguza mwendo wa baadhi ya singeli za mwanzo utakisikia kinanda cha taarab kikikusalimu kwa jina. Kumbe unachokiita kukimbizana ni mjukuu wa sanduku la bibi yako, ila amekulia mjini na hana subira. Usinielewe kwamba sasa unalazimika kuipenda. Ladha haina sheria, na kujua asili ya chakula hakukufanyi ukipende kama hakikushuki kooni. Ninachokukataza ni kusema kwamba kisichokufurahisha wewe si kitu.

Zuchu je? Nilicheka peke yangu nilipofika kwenye jina lake, kwa sababu inaonekana hukupata kuuliza ni nani. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa. Alizaliwa Zanzibar, akakulia katika nyumba ambayo taarab ilikuwa ndiyo mkate wa kila siku, akajulikana nchi nzima mwaka 2020 alipoingia lebo ya muziki ya Wasafi, na mama na mwana wameshaimba pamoja. Msikilize anavyovuta neno mwishoni mwa mstari, au anavyomsema mtu bila kumtaja, halafu uniambie alijifunzia wapi. Wewe na mchumba wako mmekuwa mkivutana kuhusu muziki ambao ni mzazi na mtoto, wewe umekaa kwa mama, yeye amekaa kwa binti, na hakuna aliyegonga mlango wa chumba cha pili.

Kwa hiyo kabla ya kumzungumzia DJ, suti au kikundi cha wazee, mwendee mwenzako umwombe radhi kwa lile neno la akili timamu. Usilifunge ndani ya maelezo marefu. Mwambie kwamba ulikosea, kwamba ulimfanyia nyumbani kile ambacho wewe unafanyiwa kazini, na umsimulie habari ya kosta na jina la Bi Mkubwa. Katika barua yako sikuona mahali unapoonyesha kwamba anajua. Kama hajui, basi amekuwa akimwona mwanamume anayemdharau kwa anachokitazama, anayetoka nje tamthilia inapoanza, kisha anayetaka sherehe ya watu wawili ijae mambo ya mmoja. Ningekuwa mimi, hata kama ningempenda vipi mpiga udi, ningekataa pia.

Akishakusikiliza, muulize kwa upole alimaanisha nini aliposema usimtie aibu. Ninakuomba uulize kweli, usikisie. Huenda kuna dada au binamu yake aliyekwisha kumsema kwamba anaolewa na mzee aliyevaa ngozi ya kijana, na anachokiogopa ni kicheko kile kile kinachokuogopesha wewe. Kama ni hivyo, nyinyi ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja na mtauguzana. Lakini akikujibu kwamba yeye mwenyewe anakuona umepungukiwa uanaume kwa sababu ya kanzu na ganuni, hilo si suala la ladha tena, na unapaswa kulijua sasa, miezi minne kabla ya ndoa. Katika hali hiyo niandikie tena kabla ya kamati ya harusi kulipia ukumbi.

Kuhusu harusi yenyewe, kamati zetu zimezoea kuamua kila kitu kwa niaba ya maharusi, lakini mavazi na muziki ni mambo ambayo wawili mnaweza kuyakalia jioni moja mkayamaliza. Nikah ni yako kwa mila: vaa kanzu, joho ukipenda, na hiyo kofia ya viua, na hakuna ndugu wa upande wowote atakayekunja uso. Ukumbini mpe mwenzako suti yake, tena uishone kwa fundi mzuri ikukae mabegani, maana mtu aliyezoea kujitunza katika kanzu hawezi kushindwa na suti. Kikundi cha wazee kiombe kwa muda wa wageni kuingia na kula, wakati ambao kwa kawaida DJ hupiga muziki wa chini ambao hakuna anayeusikiliza, na baada ya hapo mwachie bibi harusi ukumbi wake, singeli na zote. Mwambie DJ aunganishe sehemu hizo mbili kwa wimbo ambao Khadija Kopa na binti yake wameuimba pamoja, nanyi mwinuke mkautunze.

Ofisini sina mengi ya kukuambia. Majina ya hip hop uliyoyakariri yafute, kwa sababu siku moja utakosea na kicheko kitakuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Atakayekuita Bi Mkubwa mkiwa wenyewe kwa wenyewe, muulize kama anamjua Juma Bhalo, na asipomjua mwekee wimbo. Bhalo aliimba Kiswahili safi juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, na sijapata kumwona mtu mzima wa nchi hii asiyetikisa kichwa anapoyasikia mahadhi hayo. Atakayekuita hivyo mbele ya mteja, huyo mvute pembeni umwambie kwa sauti ya kawaida, bila utani, kwamba mbele ya wateja unaitwa kwa jina lako. Akirudia, ni suala la kazi, si la taarab, na mkubwa wenu wa idara anapaswa kulisikia. Kiganja nacho kiondoe kwenye kioo cha simu. Jirani wa daladala anateremka kituo kinachofuata.

Swali lako la tatu, kama watu wenye ladha zinazopishana wanaweza kukaa nyumba moja, nitakujibu kwa mfano wa kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa dansi, Msondo na Sikinde usiku kucha, na alikuwa na maoni makali kuhusu bendi ipi ilikuwa na wapiga tarumbeta bora, maoni ambayo sikuwahi kuyaelewa katika miaka 28 ya ndoa. Mimi nilikuwa mtu wa kaswida na michezo ya redio. Tulichokubaliana ni kwamba tupokezane zamu ya redio kila siku, na asiye na zamu haruhusiwi kuguna. Siku zake nilikuwa nashona. Siku zangu yeye alikuwa akijidai anasoma gazeti, lakini mchezo wa redio ukifika mahali pazuri gazeti lilikuwa halifunuliwi.

Jambo la mwisho ni zile kanda. Hujaniambia sanduku la bati liko wapi, na kama bado liko Tanga, joto na unyevu wa pwani havina huruma na utepe wa kaseti: huota ukungu, hunata, na siku ya kuupiga hukatika. Nendeni wawili mkalichukue kabla ya mvua za masika. Zikunguteni vumbi, zizungusheni mbele na nyuma polepole mara moja, kisha mtafute fundi mwenye mashine nzuri azihamishie kwenye kompyuta, mkianza na zile ambazo bibi aliandika majina kwa mkono wake. Nimesema mwende wawili kwa makusudi. Tanga si mbali, mchumba wako aione nyumba uliyolelewa, na njiani, kwa saa za kwenda, muziki wa ndani ya gari achague yeye.

Mama